Sisimizi Kwenye Mti wa Krismasi

Ukipatikana na saratani, kitu cha kwanza kubadilika ni sauti za watu. Mwili wako bado ni ule ule wa jana, lakini jirani aliyekuwa akikufokea kwa sababu maji yako ya kufulia yanapita mlangoni pake, leo anakusalimia kama mtu aliyechelewa kuingia kanisani. Mimi nilikasirika siku hiyo na nikabaki nimekasirika hadi matibabu yalipokwisha. Kama uko kwenye benchi mahali fulani ukisubiri jina lako liitwe, una hasira, na kila anayekutembelea anakwambia hasira ni mbaya kwa mgonjwa, basi nakuandikia wewe. Yangu haikuniua. Kuna asubuhi ambazo ndiyo pekee iliyonitoa kitandani.

Mambo ya dawa sitayaeleza. Daktari alinieleza kwa utaratibu mzuri, nikatikisa kichwa kama msomi anayeelewa, na nilipofika getini nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa kwamba lilikuwa titi la kushoto. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Ninalipwa kuhakikisha mtoto wa darasa la tano haelewi jambo vibaya. Siku hiyo ningehitaji mtu wa kunihariri mimi.

Nilianza dripu za dawa jakaranda za Nakuru zikiwa ndiyo kwanza zinachanua. Dripu ya pili ilipofika, maua yalikuwa yakianguka barabarani na nywele zangu zikianguka kwenye mto, na sijui ni kwa nini watu walipiga picha za maua tu. Ya tatu ilinikuta kwenye mvua fupi. Ya nne ilikuwa Desemba, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Lakini kwanza benchi. Benchi za hospitali yetu ni za chuma, na foleni yake ni ya makalio: wa mbele akiitwa, wote mnasogea nafasi moja. Asubuhi za mvua chuma kile kina baridi ya kuingia hadi kwenye mifupa. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori la viazi, ambaye siku zake za dripu zilipangwa pamoja na zangu. Alikuwa akisogea, anapigapiga mahali alipotoka na kuniambia, "Kaa hapa mathe, nimeshakupashia." Hakuwahi kuniuliza naendeleaje. Kulikuwa pia na nesi aliyejaza maji ya moto kwenye chupa ya soda na kunipa niishike, ili mishipa iliyokuwa imejificha ijitokeze. Nawataja hawa wawili kwa sababu nimewalaumu watu wengi katika maandishi haya na wengine bado wanakuja.

Dawa ilinichukulia vitu viwili ambavyo sikuwa nimeonywa vya kutosha. Kwanza ulimi. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari: maji, ugali, ndizi, hata mate yangu mwenyewe. Pili ni vidole. Ncha zilikufa ganzi, kucha zikawa nyeusi, nikawa nashika vitu kana kwamba nimevaa glavu za mtu mwingine. Nilivunja vikombe hadi Baba Njeri, mume wangu, akaninunulia cha plastiki chenye mashikio mawili. Nilikitupa nje ya dirisha. Alikwenda akakiokota, akakiosha, akakirudisha kabatini bila kusema neno, na hilo pia lilinikasirisha.

Shule zikiwa zimeshafungwa, mtoto wangu wa pili, Kimani, aliyekuwa na miaka saba, aliniuliza kama ndama anaweza kulala na mtu.

"Ndama gani?"

"Wa Shosho. Tukienda Kabazi kukaa hadi shule ifunguliwe."

Shosho ni mama yake Baba Njeri. Ana shamba kule Kabazi, ng'ombe wawili, na sauti ambayo ikitoka kwenye boma lake inafika ng'ambo ya bonde. Nilimtafuta Baba Njeri, nikamkuta nje akiangalia tangi la maji ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Nani aliamua watoto waende Kabazi?"

"Ni wazo tu, Mama Njeri."

"Wazo la nani?"

"Tuliongea na Mum. Ili upate kupumzika."

"Na mimi nilikuwa wapi mkiongea?"

Alifikiri kidogo. Ni mtu mkweli, ukimbana. "Ulikuwa umelala," akasema.

Sikujua kama ningeiona Krismasi nyingine. Daktari hakujua, Baba Njeri hakujua, na wale waliokuja kuniombea sebuleni, kwa jinsi walivyoomba, walikuwa wameshaamua. Kama ilikuwa ya mwisho, nilitaka kuila na watoto wangu. Kama haikuwa ya mwisho, nilitaka kuila nao vilevile. Nilimwambia hivyo pale kando ya tangi. Alifungua mfereji, akaufunga, akasema Shosho anakuja Jumamosi kuwachukua, lakini akifika akiona nimepata nguvu, basi tutaona.

Tutaona. Nilirudi ndani na lile neno kama mtu aliyepewa mtihani wa kuingia sekondari upya.

Wiki hiyo ndiyo niliyopata dripu ya nne, na kule hospitalini nikakuta wamepamba. Tawi la saipresi lilikuwa limesimamishwa kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia sakafu. Walilivika pamba kuwa theluji, ile theluji ambayo hakuna mtu wa Nakuru amewahi kukanyaga, na glavu za mpira zilizopulizwa zikaning'inia kama viwele vya mbuzi. Mzee wa lori aliutazama mti ule kwa muda mrefu.

"Hao wamejaribu," akasema.

Nilikaa chini ya mti huo saa zote za dripu nikiwa na wivu wa kijinga. Hata hapa wamepamba, nikawaza, halafu nyumbani kwangu naambiwa nilale. Nikaamua kwamba Shosho akiingia Jumamosi atakuta mti, atakuta mapambo, atakuta biskuti zilizookwa kwa mikono yangu na watoto wenye unga hadi kwenye nyusi. Atajionea mwenyewe nyumba ambayo mama wa watoto bado yuko.

Ijumaa tukaanza. Baba Njeri alikata tawi kwenye fensi ya jirani, kwa ruhusa, na tukalisimamisha kwenye ndoo ya mawe. Njeri, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na amepewa jina la Shosho, alikata karatasi za kazi yangu na kuzigundisha ziwe mnyororo mrefu. Zilikuwa rasimu za sayansi, sura ya mmeng'enyo wa chakula, kwa hiyo mti wetu ulizungukwa na utumbo mdogo na utumbo mkubwa. Kimani alifunga vifuniko vya soda kwa karatasi za peremende. Pamba tulikuwa nayo nyingi, kwa sababu ambazo msomaji wangu anazijua.

Kisha unga. Pambo la unga ni kitu rahisi, nakushauri ujaribu: unga wa ngano, chumvi nyingi, maji. Unakanda, unasukuma, unakata nyota, unatoboa tundu kwa mrija, unakausha kwa moto. Chumvi ndiyo inayolihifadhi lisiliwe na wadudu. Biskuti nazo ni unga, siagi, yai na sukari. Sisi hatuna oveni. Tunaoka vile mama yangu alivyooka: sufuria kubwa juu ya jiko, mchanga ndani, sinia juu ya mchanga, na makaa mengine juu ya kifuniko. Ukijua kupanga makaa, biskuti inaiva juu na chini bila kugeuzwa.

Nilikuwa nimenunua sukari nyeupe, laini, ile ya kuokea, na pakiti kadhaa za chumvi. Nikazimimina kwenye mikebe miwili ya aiskrimu inayofanana. Katika maisha yangu yote sijawahi kuandika kitu juu ya mkebe wa jikoni. Ninachofanya ni kuchovya kidole na kuweka kwenye ulimi, na kabla ya hapo kidole chenyewe huwa kimeshajua kutokana na chembe. Nikachovya. Kidole hakikusema kitu. Ulimi ukasema msumari. Nikachovya mkebe wa pili, ukasema msumari, lakini niliona kama msumari wenye upole zaidi.

"Mum, nikuonjee?" Njeri akauliza.

"Nilikuwa napika kabla hujazaliwa."

"Najua. Nauliza tu."

"Basi usiulize. Leta bakuli."

Tulicheka sana mchana ule, hilo nalikumbuka. Vidole vyangu havikuweza kusukuma unga, kwa hiyo nilikaa kwenye stuli na kuamuru. Kimani alikata nyota zenye pembe nyingi kupita kiasi na kusema ni nungunungu. Biskuti za kwanza zilipotoka, Njeri aliivunja moja, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Ni tamu, mum," akasema.

Kimani naye akauma. Akamwangalia dada yake, na dada yake akamwangalia kwa namna ambayo ningeielewa siku nyingine yoyote. "Ni tamu sana," akasema, akatoka nje kwenda kuangalia kitu.

Mimi nilionja nikapata msumari, kama kawaida. Nilifurahi. Nikazipanga kwenye ile sahani yenye maua ambayo hutolewa kwa wageni peke yao.

Asubuhi ya Jumamosi mti ulikuwa umejaa sisimizi. Walikuwa wameingia kwa dirisha, wakashuka ukutani, wakapanda ndoo, na kila nyota ilikuwa nyeusi ikitembea. Niliwafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa huku nikitukana kwa lugha tatu.

"Labda wamekuja na saipresi," Njeri akasema haraka.

Nikaamini. Nina digrii mbili.

Shosho alifika na kuku, kabichi kwenye gunia, na kitambaa cha kichwani cha kwendea kanisani. Alikuwa amekuja na ile sauti pia, ile ndogo ya kusalimia wagonjwa. Akanishika mkono kana kwamba ni yai. "Pole sana, Mama Njeri. Si ungekuwa umelala." Akauangalia mti, akaangalia mapambo, akatingisha kichwa kwa huruma, na nikaona macho yake yakitafuta mabegi ya watoto yako wapi.

Nikamwagiza Njeri chai. Nikaweka sahani ya maua mbele ya mgeni, kwa mikono yangu miwili, ikitetemeka.

Shosho akachukua biskuti, akauma, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akameza kwa chai.

"Zimekuwa nzuri sana," akasema. "Umejaribu."

Akaimaliza. Akachukua ya pili. Nikaona machozi yakimlengalenga, nikadhani analia kwa sababu yangu, na damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie sijafa bado, ndipo Kimani akasimama kutoka kwenye mkeka.

"Shosho, wacha. Utakufa."

Neno hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba yetu tangu jakaranda. Baba Njeri aliweka kikombe chini. "Kimani, ni maneno gani hayo?"

"Lakini dokta alimkataza chumvi. Ako na presha." Mtoto alikuwa karibu kulia. "Hizo ziko na chumvi kama ile ng'ombe hulamba."

Njeri akafunika uso kwa mikono. "Nilimwambia asiseme," akasema. "Mmesema tusimkasirishe mum."

Niliwatazama wote. Kisha nikautazama mti, na sisimizi wachache waliorudi kumalizia nyota, na polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye digrii mbili, nikaelewa sukari yangu yote ya Krismasi ilikuwa imetundikwa wapi na chumvi ilikuwa kwenye sahani gani. Watoto wangu walijua tangu Ijumaa. Mama mkwe wangu alijua tangu alipouma. Na mwanamke huyu mwenye shinikizo la damu alikuwa tayari kula sahani nzima badala ya kuniambia ukweli kuhusu biskuti.

Kicheko kingenifaa. Hakikuja.

"Shosho, kwa nini hukusema?"

"Ulitaka niseme nini? Mgonjwa ananipa chakula mikono ikitetemeka, nikiteme?"

"Ndiyo. Ukiteme."

"Wacha hasira, mami. Hasira si nzuri kwa—"

"Ukiniambia hizi ni nzuri na ni chumvi tupu, nitakuamini vipi ukiniambia nitapona?"

Shosho akaweka nusu ya biskuti kwenye sahani. Akajipangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya ng'ambo ya bonde, na nadhani jirani zetu wote waliisikia.

"Ni mbaya, Mama Njeri. Ni mbaya kabisa. Ng'ombe wangu angekataa." Akavuta pumzi. "Na kupona, mimi sijui kama utapona. Hakuna mtu ameniambia."

Baba Njeri akainuka. "Mum, tafadhali."

"Kaa chini," tukamwambia, mimi na mama yake, kwa pamoja. Akakaa.

Ni ajabu kusema hivi, lakini nilihisi mabega yangu yakishuka. Kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa amekaa nami pale nilipokuwa nimekaa, pa kutojua. Wote walikuwa wamesimama mlangoni wakinipungia mkono.

"Basi ndiyo maana unataka kuwachukua watoto," nikamwambia.

"Naogopa," Shosho akasema. "Naogopa wakikuona hivi. Nyumbani kuna ndama, kuna kazi. Watasahau kidogo."

Njeri akaondoa mikono usoni. "Shosho, mimi sitasahau. Nikiwa huko, kila simu ikilia nitafikiria ni mum."

Shosho akamwangalia mjukuu mwenye jina lake.

"Niletee maji, wajina wangu," akasema. "Mengi."

Alikunywa jagi nzima akiwa amesimama. Kisha akafungua kitambaa cha kanisa, akakikunja vizuri, akajifunga leso kichwani na kwenda jikoni. Alichovya kidole kwenye mkebe mmoja, akaonja. Akachovya wa pili, akaonja, akakunja uso kwa dharau kubwa.

"Huu ndio wa chumvi. Kimani, hata wewe unaona. Mlete mama yenu na stuli yake."

Tulioka upya hadi makaa yakaisha. Shosho alionja kila bakuli na kutoa hukumu bila huruma: unga mwingi, siagi kidogo, hii imeungua, nani amekufundisha kukanda hivi. Nilimjibu. Tuligombana juu ya mayai kama watu wenye afya. Jioni alipanda gari kurudi Kabazi na gunia tupu, na hakukuwa na mtoto yeyote garini isipokuwa wa kondakta. Mlangoni aliniambia, "Ukizidiwa, unipigie wewe mwenyewe. Si huyu," akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Krismasi tuliila nyumbani. Nilitapika asubuhi na mchana nikala nusu chapati yenye ladha ya msumari, nikiwa katikati ya watoto wangu. Hiyo ndiyo siku yote. Ningeigombania tena.

Baadaye vikaja vumbi la Januari, dripu zilizobaki, upasuaji, kisha mionzi mvua ndefu ikinyesha. Mzee wa lori aliacha kuja karibu na mwisho wa vumbi. Niliuliza, na nesi hakunishushia sauti, aliniambia. Siku hiyo nilisogea kwenye benchi na mahali pake palikuwa na baridi.

Ladha ilirudi bila kuaga, kama ilivyoondoka. Nilikuwa nakunywa chai nikamwambia Baba Njeri kwamba ameiharibu, haina sukari. Alisimama akinitazama na birika mkononi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alionekana amefurahi kulalamikiwa. Ncha za vidole hazijarudi zote. Hasira nayo imepungua, ingawa ninabakisha kidogo kwa ajili ya wageni.

Kwa wewe uliye kwenye benchi nina shauri moja tu: tafuta mtu mmoja atakayekuambia biskuti zako ni mbaya. Ukikosa mtu mzima, uliza mtoto, na umwambie kabla kwamba hutakasirika, kisha ushike neno.

Zile nyota za sukari ziliisha, sisimizi walikula hadi uzi. Lakini biskuti za chumvi Kimani alikataa zitupwe. Alizifunga kwa nyuzi na kuzitundika badala ya nyota, na tangu hapo tunazihifadhi kwenye mkebe wa aiskrimu, ngumu kama vigae. Kila Desemba tunazitoa. Sisimizi wanapita chini yake bila kugeuka. Mwaka uliopita, kabla ya kuitundika ile ya kwanza, nilisubiri watoto wageuke, nikailamba. Shosho alikuwa amenena kweli. Ilikuwa mbaya kabisa. Nikailamba tena.